Mkasi wa Machi

Leo theluji ya Łódź imegeuka tope
na jua limepanda hadi ghorofa ya tatu,
limesimama dirishani kama msoma mita.
Basi ndiyo siku yenyewe.
Natandaza magazeti. Nausugua mkasi wa mama kwa spiriti
mpaka nauona uso wangu, umevunjika mara mbili.

Fikusi ananitazama.
Tangu Oktoba ameigusa dari,
kichwa amekiinamisha kama abiria mrefu kwenye tramu,
jani lake jipya bado limejikunja, halijui lielekee wapi.
Ludomir alikuwa akisema: mwache, atachoka mwenyewe.
Miti haichoki, Ludomir.

Alikuja hapa mwaka ule kiwanda cha nyuzi kilipofungwa.
Waligawana viti, saa ya ukutani, hata mapazia.
Mimi, karani wa mishahara, nikaomba mti wa ofisini.
Nilimvisha koti langu, nikapanda naye tramu,
meno yakigongana,
na kondakta akanidai tiketi mbili.
Nikalipa.
Mwezi mzima aliangusha majani, usiku, moja moja,
kila jani likipiga sakafu kama kofi la mtoto.
Nilidhani anakufa. Kumbe alikuwa bado anahama.

Nimemjua kwa makosa.
Maji: chomeka kidole hadi kiungo cha pili;
kikitoka kikavu, mpe,
kikitoka na udongo, mwache na subira yake.
Asikae karibu na bomba la joto,
wala mlangoni, korido inapopulizia.
Majani nayapangusa kwa bia iliyochacha,
mkono mmoja ukilishika jani kwa chini
kama unavyoshika kidevu cha mtoto ukimfuta uji.
Jirani yangu Genowefa hucheka: mti wako mlevi.
Mlevi, ndiyo, lakini analala nyumbani kila siku.

Sasa. Hesabu vifundo kutoka juu:
kimoja, viwili, vitatu, vinne.
Kata juu kidogo ya cha nne, kwa mshazari,
wala usisite. Mkasi unaosita hutafuna.

Kisha maziwa.
Meupe, mazito, hayana sauti,
yanadondokea matokeo ya mpira na matangazo ya vifo.
Kila mwaka najua yatakuja,
kila mwaka nashtuka.
Usiyaguse kisha ukajifuta macho.
Kitambaa cha maji vuguvugu, bonyeza pale penye jeraha,
hesabu pole pole hadi mia.

Hivyo hivyo nilihesabu mwaka juzi, hospitalini,
nimebonyeza kiganja cha Ludomir.
Nilipofika mia
sikuijua namba inayofuata.

Utomvu umeganda. Naondoa kitambaa.
Baada ya wiki tatu, chini ya kidonda,
patatoka ncha nyekundu, pengine mbili,
zikigombea nafasi ya aliyeondoka.
Sijawahi kuelewa kama hiyo ni faraja
au ni utovu wa adabu.

Kichwa kilichokatwa nakiosha bombani,
nayakunja majani yake, nayafunga kwa mpira wa pesa
yasinywe kuliko shina linavyoweza kutafuta,
nakisimamisha katika chupa iliyokuwa ya matango ya siki.
Hicho ni cha Kalina, mjukuu wangu.
Amepata chumba Gdynia, dirisha moja, linatazama ukuta.
Jana kwenye simu aliuliza: bibi, nikimuua je?
Nikamwambia, mimi nimewaua watatu kabla ya huyu.
Akanyamaza. Hakuwa anajua.

Atakuja Pasaka. Nitamfungia mizizi kwa gazeti lenye unyevu,
nitamtilia nauli kwenye bahasha,
tiketi mbili.

Jioni napanda kiti kufuta dari.
Pale kichwa kilipokuwa kikijisugua
pana alama ya kijani, ndogo kama kifungo.
Kitambaa kiko mkononi, kimelowa,
na mkono umechoka kuinuka.
Nashuka.